Wayo, Upepo na Deni: Historia ya Kunyatia Mnyama katika Nchi ya Katavi

Kusini ya mji wa Mpanda, mwendo wa kilomita 35 hivi, kipo kijiji cha Sitalike, na hapo ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ndani ya hifadhi hiyo, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo, umesimama mkwaju ambao wenyeji huusimulia kuwa ni makao ya Katabi, mwindaji wa kale aliyeipenda nchi hata roho yake ikakataa kuihama. Waombao baraka zake huacha sadaka shinani. Jina la mwindaji huyo likawa jina la ziwa, kisha la hifadhi mwaka 1974, na hatimaye, mwaka 2012, jina la mkoa mzima uliokatwa kutoka Rukwa, makao yake makuu yakiwa Mpanda.

Basi ni nchi iliyopewa jina la mwindaji. Na ni nchi ambamo mwenyeji aingiaye hifadhini na upinde begani, kama alivyoingia Katabi, atafungwa. Kitendawili hiki hakikuteguliwa kwa siku moja. Kimejengwa kwa zaidi ya miaka 100, na mkono wa pwani, wa Unguja na Bagamoyo, umo katika ujenzi wake.

Ajabu nyingine ya zama hizi ni kwamba sanaa ya kunyatia mnyama, iliyofukuzwa msituni, imepata makao mapya ndani ya kioo. Mwaka 2017 kampuni ya Expansive Worlds ya Sweden ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao theHunter: Call of the Wild. Mwaka uliofuata ikauongezea nyika ya Afrika ya kubuniwa, yenye nyati, tandala na ngiri. Mchezaji hapewi mnyama wa kulenga mara moja. Hutembea kwanza. Hutafuta nyayo na vinyesi, hupima vimepoa kiasi gani, hutazama upepo unakwenda upande gani, huinama, hutambaa, husubiri saa ambayo mnyama hushuka kunywa maji. Akikosea hatua moja, mnyama hukimbia, na kazi huanza upya. Vijana wa Stockholm, wa Muscat, hata wa Dar es Salaam hukesha wakijifunza mambo ambayo kijana wa Kipimbwe aliyafunzwa na mjomba wake bila ya umeme.

Mwenye haraka atasema huo ni upuuzi wa watoto. Mwenye subira atauliza: ni nini kilichohifadhiwa katika mchezo ule, na ni nini kilichoachwa nje? Ili kujibu, hapana budi kurudi nyuma na kuitazama sanaa yenyewe ilivyokuwa.

Lugha ni ushahidi wa kwanza. Kiswahili kimejaa maneno ya kazi hii, na kila neno lina mpaka wake. Kusaka ni kutafuta kwa kupekua. Kuotea na kuvizia ni kukaa mahali ukingoja ajaye. Kunyata ni kwenda kwa ncha za vidole. Kunyatia ni kunyata kwa ajili ya mwingine asiyejua kuwa unakuja. Herufi moja tu imeongezwa, na mwendo mtupu umekuwa nia. Pwani yenyewe haikuwa ngeni kwa mambo haya. Unguja ilikuwa na wasasi wake waliotoka na mbwa na nyavu kumfuata nguruwe na paa, na kwao ndiko tuliko na methali isemayo kuwa msasi haogopi mwiba. Lakini pwani iliwinda ukingoni mwa mashamba, na bara la magharibi liliwinda katika msitu usio na mwisho.

Msitu huo ni wa miombo. Kati yake zimo mbuga za nyasi kama Katisunga, na maziwa mawili, Katavi na Chada, ambayo hujaa masika na kukauka kiangazi. Mto Katuma huyaunganisha. Kuanzia Juni mto hupungua kidogo kidogo hata kufikia Oktoba husalia madimbwi ya matope, na viboko kwa mamia hubanana humo migongo ikigusana. Nyati hushuka kwa makundi makubwa; tembo huchimba mchanga kutafuta maji yaliyojificha. Kwa hiyo kalenda ya mwindaji iliandikwa na mto. Masika wanyama wametawanyika na majani yamefunika nyayo. Kiangazi maji huwakusanya, na vumbi huandika kila hatua.

Somo la kwanza la msitu lilikuwa kusoma maandishi hayo. Wayo wa mbele wa tembo ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kama yai. Mzingo wa wayo wa mbele ukizidishwa mara mbili hukaribia kimo cha mnyama begani. Nyayo zake zina mikunjo na nyufa kama viganja vya watu, wala tembo wawili hawalingani. Fisi huacha alama ya kucha, simba huzificha. Kisha huja swali la wakati. Kingo za wayo mpya ni kali. Jua na upepo huzimomonyoa. Ikiwa umande umeanguka juu ya wayo, mnyama alipita kabla ya alfajiri. Ikiwa wayo umeukanyaga umande, amepita baada yake. Utando wa buibui uliotandwa juu ya shimo la kwato ni usiku mzima uliopita. Majani yaliyotafunwa na kudondoshwa, kama bado yana unyevu, huamuru sauti ishushwe. Mfuata nyayo hakuwa akitazama chini tu. Alikuwa akisimuliwa hadithi na ardhi, na sharti asikie mwisho wake kabla haujafika.

Somo la pili lilikuwa upepo. Macho ya nyati si hodari sana, lakini pua yake haisamehe. Wawindaji wengi wa Afrika ya Mashariki walichukua kifuko cha majivu. Hukitikisa, na vumbi jeupe huonyesha hewa inaelekea wapi. Upepo ukigeuka, mwindaji hugeuka nao, hata ikiwa ni kuzunguka mwendo wa saa nzima ili kuurejelea umbali ambao jicho lingeuvuka mara moja. Ndege walao kupe mgongoni mwa nyati nao ni walinzi. Wakiruka ghafla, kundi huinua vichwa. Somo la tatu, subira, halikuwa na darasa lake peke yake, kwa kuwa ndilo lililoyabeba hayo mawili.

Masomo hayo matatu yamo katika mchezo wa kompyuta, na watungaji wake wanastahili sifa kwa kuyachunguza. La nne halimo. La nne lilikuwa deni.

Mwindaji wa nchi hizo hakutoka akiwa peke yake hata kama alitoka bila ya mwenzi. Kabla ya safari palikuwa na wa kuombwa, awe Katabi au mizimu mingine ya mahali. Miongoni mwa jamii nyingi za bara la magharibi, mwiko haukumshika yeye tu, bali uliwashika pia waliobaki nyumbani. Ugomvi au uzinzi katika nyumba ya mwindaji ulihesabiwa kuwa ndio uliomponza msituni. Wasukuma walikuwa na vyama vya wawindaji vyenye mafunzo, dawa, ngoma na nyimbo zake: bayege wa tembo, banunguli wa nungu. Aliporudi, nyama haikuwa ya mmoja. Katika tawala nyingi za Unyamwezi na majirani zake mtemi alikuwa na haki yake, aghalabu jino moja la kila tembo aliyeanguka, pamoja na ngozi ya simba. Mnyama alikuwa na wadai kabla ya kufa, na kumwua kulikuwa ni kuanza kulipa.

Si kusema kuwa wazee walikuwa malaika. Walichimba mashimo ya mitego, walichoma nyasi, walipaka mishale sumu, na njaa ilipobana hawakuhesabu. Lakini uwindaji ulikuwa umefungwa kwa kamba nyingi kwenye nguzo za jamii, na mwenye kukata kamba moja alijulikana.

Aliyezikata kwa wingi alikuwa biashara, na soko la biashara hiyo lilikuwa Unguja. Katika karne ya 19 pembe za tembo zilitiririka kutoka bara hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, zikavushwa kwa majahazi hadi Forodhani. Kutoka hapo zilikwenda Bombay kuwa bangili za maharusi, na Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako miji ya Ivoryton na Deep River iliishi kwa kuzikata ziwe vibonyezo vya piano. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa Tippu Tip, amesimulia kwa Kiswahili maisha yake yaliyojaa safari za pembe. Na msomaji wa maisha hayo huona upesi kuwa tembo mwenyewe haonekani. Zipo pembe, zipo frasila, zipo bei. Mtu aliyenyata siku tatu nyuma ya wayo hakuandikwa.

Pwani imezijua pembe kwa uzuri wake. Siwa ya Pate, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni ya pembe za tembo, na ilipulizwa katika shughuli za wakubwa. Washairi wa pwani wamezisifu kumbi na vyombo, kisha wakazililia zilipobomoka. Ni haki yao. Lakini kila kipande cha pembe kilichong'aa ukumbini kilianza na jicho la mtu aliyechuchumaa vumbini bara, akipima kama ukingo wa wayo ni wa jana au wa leo.

Bunduki zilipoongezeka, mizani iligeuka. Maelfu kwa maelfu ya magobori yaliingia bara kupitia Unguja, na watawala kama Mirambo wa Urambo wakajijengea nguvu kwa barut na rugaruga. Pembe ilinunua bunduki, bunduki ikaleta pembe. Jino la mtemi, ambalo lilikuwa alama ya deni, likawa mtaji wa vita. Tembo wakarudi nyuma, na wawindaji wakawafuata.

Vita hivyo ndivyo vilivyompitisha Henry Morton Stanley katika nchi hii. Mwaka 1871 Mirambo alipokuwa akipigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kawaida ya Ujiji ilifungika, na Stanley akazunguka kusini kupitia Ukonongo. Mwezi Oktoba, kando ya mto Gombe, aliua wanyama wengi kiasi kwamba wapagazi wake, walioshiba nyama baada ya siku za dhiki, walikataa kuondoka. Ugomvi ulifika hadi bunduki kuelekezana. Katika msitu wa Ukonongo alimwona pia ndege mlembe, aliaye na kurukaruka mbele ya watu hadi awafikishe kwenye asali, na akaona jinsi wenyeji walivyoielewa lugha yake. Mwanzoni mwa 1872, akirudi pamoja na David Livingstone, alimpiga twiga katika bonde la Mpokwa na risasi za risasi laini zisifue dafu, hata zikachanganywa na zinki ili ziwe ngumu.

Kitabu alichokiandika kina kurasa nyingi za uwindaji, na mwenye bunduki ndiye shujaa wake. Lakini msafara ule ulikuwa na Waungwana kutoka Unguja, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kuwaongoza Burton na Speke, na ulikuwa na viongozi na wapagazi wa bara. Waliojua maji yako wapi na mnyama yuko wapi hawakuwa wageni. Huo ndio mgawanyo wa kazi uliodumu tangu siku zile: mmoja husoma wayo, mwingine hupiga picha na mguu wake juu ya mzoga.

Kisa cha ajabu kuliko vyote kilifuata mwaka 1879. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa na tamaa ya bara la kati, aliletewa shauri la kuwafunza tembo wa Afrika kubeba mizigo ili wapagazi wasihitajike. Tembo wanne waliofugwa waliletwa kwa meli kutoka Bombay pamoja na walezi wao Wahindi, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Frederick Carter. Walitarajiwa kufika Karema, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wakikijenga mwaka huo huo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni ya Mkoa wa Katavi. Huko wangetumika kuwanasa na kuwatiisha tembo wa porini.

Safari ilikuwa ya mauti. Njiani walikufa mmoja baada ya mwingine, na mnamo Desemba 1879 mmoja tu ndiye aliyekanyaga Karema, naye hakuishi muda mrefu. Carter mwenyewe hakuiona pwani tena. Juni 1880, akiwa Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa katika mashambulizi ya majeshi ya Mirambo na Simba wa Ukonongo. Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa mapadri wa White Fathers. Wenyeji walikuwa wamemwona tembo aliyekubali kupandwa na mtu, na mtu aliyemleta akafa katika vita vya watu waliogombania pembe za tembo wasiopandwa. Katika kisa hicho kimoja mna historia nzima: mgeni anakuja na chombo kipya cha kumpata mnyama, na anashindwa kwa kutoijua nchi.

Walioshinda walikuja na karatasi. Mwaka 1896 utawala wa Wajerumani, chini ya Hermann von Wissmann, ulitoa amri ya wanyamapori iliyodai leseni na kutenga maeneo ya kwanza ya akiba. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London kuafikiana juu ya wanyama wa Afrika, na hapakuwa na mwindaji mmoja wa Kiafrika mezani. Waingereza wakafuata kwa sheria ya 1921, kisha ya 1940 na ya 1951. Kila sheria ilikuwa na sababu yake, na sababu nyingine zilikuwa za kweli, maana tembo walikuwa wamechinjwa kupita kiasi. Lakini mizani ilielemea upande mmoja. Leseni ilikuwa na bei. Mwenye fedha na bunduki ya kisasa aliitwa mwindaji, na mwenye upinde au gobori akaitwa jangili.

Neno lenyewe lina safari yake. Jangili limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako jangli ni cha porini, cha mwituni. Likavuka bahari kama yalivyovuka maneno mengi, likatua midomoni mwa Waswahili, likapewa maana ya mtu awindaye bila ya ruhusa. Hivyo mtu wa msituni akawa mhalifu wa msitu kwa neno hilo hilo moja. Washairi, wanaojua uzito wa maneno, hawana haja ya kufafanuliwa zaidi.

Kisha msitu wenyewe ukahamwa. Miaka ya 1920 na 1930, ugonjwa wa malale ulipoenea magharibi ya Tanganyika, utawala wa Waingereza uliwakusanya watu katika makazi makubwa mbali na mbung'o. Huenda wengi waliokolewa kwa hatua hiyo. Lakini vijiji vilivyotawanyika miomboni viliachwa, mashamba yakarudia pori, na nchi iliyokuwa ya watu na wanyama ikaonekana kama kwamba haikuwahi kuwa na watu. Alipofika mwenye kuchora mipaka ya hifadhi, alikuta ukimya, akaudhani ni wa asili. Hifadhi iliyotangazwa 1974 ilipanuliwa 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, na nje yake vimo vitalu vya uwindaji wa kitalii.

Humo vitaluni sanaa ya kale ilipata ajira. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji nchini mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Na tangu hapo mgeni mwenye leseni amekuwa akitangulizwa na mfuata nyayo mwenyeji. Ni yule yule, mjukuu wa waliowinda kwa upinde, mwenye jicho lile lile. Huinama, hugusa kinyesi kwa mgongo wa mkono, hunyoosha kidole. Tofauti ni kwamba sasa anamwonyesha mwingine. Jioni akirudi kijijini, ujuzi huo huo ukitumika kwa ajili ya sufuria ya nyumbani kwake, jina lake litabadilika.

Pwani ya Kenya ilipata kuona jambo kama hili. Waata walikuwa wapiga upinde mashuhuri wa tembo nyuma ya Malindi, na pinde zao zilikuwa nzito kuliko mtu wa kawaida awezavyo kuvuta. Miaka ya 1950 kampeni kubwa ya askari wa wanyamapori iliwakamata na kuwatia jela. Baadaye, mwaka 1960, ukaanzishwa mpango wa Galana uliokusudia kuwaruhusu kuwinda kwa kipimo na kwa sheria. Wazo lilikuwa zuri. Matunda hayakulingana nalo. Upinde ukishaitwa kosa, ni vigumu kuurudishia heshima kwa barua ya serikali.

Hata hivyo haingekuwa haki kuandika kana kwamba sheria ndiyo adui pekee. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi hadi 43,000 hivi. Walioua hawakuwa wakimtafutia mtoto kitoweo; walitumia silaha za kivita na walikuwa na wanunuzi ng'ambo, na pembe zikapita tena bandarini kama zilivyopita zama za babu zao. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza. Ndani ya wiki chache ikasimamishwa, kwa kuwa ndani yake wananchi waliteswa na wengine wakafa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Neno jangili lilikuwa limetanuka mno. Lilimkumba mwenye bunduki ya vita na mwenye gobori la kutengenezwa kijijini, na fimbo iliyomkosa wa kwanza ilimwangukia wa pili.

Je, deni limekufa kabisa? Habari kutoka Mpimbwe zinaonyesha kwamba bado lina pumzi. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa walikuja na desturi yao ya kumheshimu aliyemwua simba. Kijana huyo huvaa, hucheza, huzunguka kwa ndugu na wenye ng'ombe, nao humzawadia, kwa kuwa amewaondolea adui wa zizi. Kadiri siku zilivyokwenda, baadhi ya vijana walianza kuwafuata simba mbali, ambako hapakuwa na zizi lolote, ili wapate zawadi tu. Mlipiza kisasi akageuka mtafuta mali. Utafiti uliochapishwa 2014 ulieleza jambo hilo na pia dawa yake: wazee na wenye mifugo wenyewe, wakishirikiana na mradi uitwao WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, walianza kumnyima zawadi na kumwadhibu achezaye kwa simba asiyekuwa na hatia. Hawakuhitaji askari kwa hilo. Walirudi kwenye swali la kale: mnyama huyu, ulimwua kwa deni la nani?

Swali hilo ndilo lililoachwa nje ya kioo. Mchezaji wa kompyuta hujifunza upepo, wayo na subira, na haya si mambo madogo katika zama za haraka. Pengine kijana wa Mpanda atakayeucheza mchezo ule atatambua ghafla kwamba anayofunzwa na Waswidi yalikuwa ya babu yake, na atakwenda kumwuliza babu kabla hajafa. Lakini mnyama wa kioo akianguka hana mdai. Hapana jirani wa kugawiwa, hapana mzimu wa kuombwa radhi, hapana mwaka wa kesho ambao tembo wake watapungua. Kesho yake msitu umejaa tena.

Historia ya Katavi ni historia ya watu waliotaka msitu uwe hivyo: mfanyabiashara wa pembe aliyedhani tembo hawaishi, mtalii aliyedhani leseni imemaliza kila kitu, na mchora mipaka aliyedhani nchi haikuwa na wenyewe. Kila mmoja alichukua sehemu ya ujuzi wa mwindaji na kuacha deni lake. Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Huenda, lakini sharti awepo ajuaye ulikorushwa, na aliye tayari kuingia kuutafuta.

Kiangazi kijacho Katuma itapungua tena. Viboko watabanana matopeni, nyati watashuka, na vumbi la Katisunga litaandika kila hatua. Maandishi hayo hayajabadilika tangu Katabi. Waliopungua ni wasomaji.